Mpaka wa Nguruwe

Jumanne asubuhi, umande ukiwa haujakauka kwenye mpunga, Mwajabu binti Mahamudu alifunga gunia la makumbi ya nazi kwenye kigingi, akachora duara la mkaa katikati yake, akaanza kurudi nyuma akipima mita ishirini kwa futi kamba ya cherehani. Futi kamba hiyo aliiazima kwa jirani yake Warda, ambaye ni fundi wa nguo, na haikufika hata mita mbili, kwa hiyo kupima kulimchosha kuliko kulenga. Mita ya ishirini ilimfikisha kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu wa delta hukaa msimu mzima wakiamia ndege na kufukuza nguruwe. Akapanda ngazi, akachukua upinde.

Upinde wenyewe ulikuwa wa magurudumu, moja juu na moja chini. Askari wa gatini alipouona mara ya kwanza aliuliza ni nini, akaambiwa ni upinde. Akasema yeye upinde anaujua na hauna magurudumu, akauruhusu upite kama spea ya baiskeli.

Ulikuwa wa marehemu mumewe, Mwinyimvua, aliyekuwa mpishi kwenye kambi ya wawindaji wa kigeni huko juu ya mto. Mgeni mmoja alianguka kutoka kwenye gari akateguka bega, akalala pale akinywa supu ya Mwinyimvua mpaka akapona nusu, na siku ya kuondoka akamwachia upinde na mishale sita. Mwinyimvua akautundika juu ya kitanda na hakuwahi kuuvuta. Alisema kitu cha thamani kama kile kazi yake ni kutazamwa.

Mwinyimvua alipofariki, Mwajabu akakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki kwenda shambani, na jambo hilo kila mtu analijua, hata wale ambao wangefanya vizuri kulisahau. Shamba lilikuwa la Mwajabu mwenyewe, alilirithi kwa baba yake. Lilipakana na shamba la shemeji yake Shaabani, mdogo wa marehemu, ambaye pia ni mwenyekiti wa kitongoji. Katikati palikuwa na tuta. Mwajabu alipotoka eda akakuta tuta limesogea upande wake, na mpunga wa Shaabani umeshachipua ng'ambo ya tuta kwa mistari iliyonyooka.

"Shemeji, hapa deltani kila kitu kinahama," Shaabani alimweleza kwa upole. "Mto unahama, visiwa vinahama. Tuta ni nani hata lisihame?"

Ni kweli mto huhama, lakini mto haupandi mpunga. Kipande kilichoondoka ndicho kilichokuwa tumbo la shamba, udongo mweusi ambao maji ya chumvi hayaufikii hata bamvua likijaa, na ndicho kilichotoa ule mpunga ambao ukipikwa jirani wa tatu anajua umepika. Mwajabu aliumia sana. Alilia, akaenda kuwaona wazee, wazee wakamwambia asubiri mwenyekiti arudi, na mwenyekiti alikuwa Shaabani. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani, kipande chake kirudi. Lakini nguruwe hawakungoja mambo ya mipaka yaishe. Walikuja kula kile kidogo kilichobaki, ndipo akautungua upinde.

Aliupeleka Bungu, barabarani, kwa Saidy fundi baiskeli. Saidy aliyazungusha magurudumu, akayasikiliza, akasema hayana tatizo. Akalegeza boliti mbili ili mkono wa mama uweze kuvuta, kisha akaeleza kile kidude cha kulengea kama vile amezaliwa nacho. Kilikuwa na pini tatu: ya kijani ya mita ishirini, ya njano ya thelathini, nyekundu ya arobaini. Unatazama kwenye kitundu cha kwenye upote, ile kamba ya upinde, unaweka pini juu ya kitu, unaachia.

"Pini inaufuata mshale, mama," alisema. "Ukipiga juu, unapandisha pini. Ukipiga kushoto, unaisogeza kushoto. Usibishane na mshale. Na jipimie palepale utakapokuwa unapigia."

Mwajabu akafuata maneno hayo. Mshale wa kwanza, kwa pini ya kijani, ulipiga juu ya duara, akapandisha pini nusu ya ukucha, na wa pili ukaingia kwenye mkaa. Akahamisha gunia hadi mita thelathini, ng'ambo ya tuta, kwenye mpunga wa Shaabani ambao ulikuwa wake, na pini ya njano nayo ikakubali baada ya kusogezwa kushoto. Akalihamisha hadi mita arobaini, ndani kabisa ya shamba la Shaabani, akarudi juu ya dungu, akaweka pini nyekundu kwenye duara, akaachia.

Mshale ulikwenda mita thelathini na sita na kusimama hewani.

Ulisimama usawa wa kifua cha mtu, ukiwa umelala sawasawa, ncha ikielekea gunia, manyoya yakitikiswa kidogo na upepo. Mwajabu akapandisha pini kidogo, akapiga wa pili. Huo nao ukasimama kando ya mwenzake, umbali wa kiganja. Akachukua simu.

"Fundi, mshale umesimama."

"Umesimama juu ya duara au chini?"

"Mbele ya duara. Haujafika."

"Kushoto au kulia?"

"Hewani, mwanangu."

Nyuma ya Saidy ilisikika pikipiki ikiwashwa ikagoma. "Hewani hakuna pini yake," akasema. "Iache hiyo nyekundu. Tumia kijani na njano, hizo si zinafanya kazi?"

Mwajabu hakuiacha. Alishuka, akasogea mwisho wa shamba upande wa mkondo wa maji, akapiga mwingine. Akaenda upande wa pili, akapiga mwingine tena. Yote miwili ikasimama. Warda, aliyekuja kufuata futi kamba yake, akaikuta mishale minne ikiwa imejipanga angani kwa mstari kutoka kwenye mkondo hadi kwenye kisiki cha mkandaa. Alitembea kando yake mpaka akafika katikati.

"Hapa ndipo marehemu alipokuwa akivua ndara akienda kwa nduguye," alisema. "Mie nilikuwa nikiziona kila asubuhi. Hapahapa." Kisha akachukua futi kamba, akaikung'uta umande, akaondoka, maana alikuwa na sare za watu zinamngoja.

Mwajabu akakaa chini kwenye tuta la uongo na kulia kwa furaha, kwa sababu baba yake alimwonyesha mpaka huo akiwa binti mdogo, na mshale hata mmoja haukuwa umekosea.

Jioni Shaabani akaja kuona. Aliukamata mshale mmoja, akauvuta, haukuja. Akausukuma, haukwenda. Akaushika kwa mikono miwili na kuning'inia juu yake kwa uzito wake wote, ambao si mdogo, miguu ikaachana na ardhi, na mshale haukupinda. Akajiachia, akapangusa viganja. Halafu akavua koti, akalitundika kwenye mshale, akaanza kupalilia.

"Umenisaidia, shemeji," alisema. "Koti langu lilikuwa linalala kwenye tope siku zote."

Haikupita wiki mishale ikazoeleka. Warda alianika kanga kwenye mmoja. Ndege mdiria akachagua mwingine kuwa mahali pake pa kuvizia samaki, na watu warefu wakajifunza kuinama wakipita. Hakuna aliyebisha kwamba ule ndio mpaka wa zamani. Shaabani mwenyewe hakubisha. Alisema mpaka wa zamani ni jambo zuri, ni historia, na akaendelea kupalilia huku na huku.

Sasa inabidi kueleza habari za nguruwe. Deltani nguruwe hana mwenyewe akiwa hai, lakini akifa anaye. Haliwi, hauzwi, na hawezi kuachwa aoze kwenye maji ambayo watu wanatawadhia. Kwa hiyo desturi ni kwamba akianguka kwenye shamba la mtu, mwenye shamba hilo ndiye anayemchimbia na kumfukia, kisha anajitoharisha mara saba, moja kwa udongo. Ni kazi ya kutwa nzima na haina shukrani. Kuna watu wazima, wenye heshima zao, waliowahi kuonekana wakimshangilia nguruwe aliyechomwa mkuki ili ajitahidi, afike kwa jirani.

Siku ya Ijumaa, saa tatu hivi, nguruwe dume alitoka kwenye mikoko akapita chini ya mishale, akaanza kuja kwa Mwajabu huku akionja mpunga wa Shaabani njiani. Mwajabu alimngoja. Alipofika mita thelathini akamwekea pini ya njano nyuma ya bega, akaachia. Nguruwe akaketi, kama mtu aliyekumbuka jambo, akalala. Alikuwa mkubwa kuliko madebe matatu ya mafuta yakipangwa pamoja, na alikuwa amelala katikati ya mishale na tuta.

Watu wakaja kutazama. Shaabani naye akaja, akiwa na kanzu ya Ijumaa iliyopigwa pasi, mafuta ya udi yakimtangulia. Alisimama mbali kidogo.

"Shemeji," Mwajabu alimwambia, "kaangukia kwako. Tuta hili hapa."

Shaabani akalitazama tuta. Akamtazama nguruwe. Akaitazama kanzu yake.

"Tuta la nini?" akasema kwa sauti ya mwenyekiti, watu wote wakisikia. "Hamwoni mishale? Mpaka si ule pale juu? Kutoka mishale kuja huku ni kwa shemeji yangu, tangu enzi za marehemu baba yake, Mungu amrehemu. Mie siwezi kudhulumu nguruwe wa mjane."

Akaondoka kwenda msikitini mapema kuliko siku zote.

Mwajabu alichimba kaburi la nguruwe kwa moyo mweupe. Alichimba kana kwamba anachimba msingi wa nyumba. Warda alimshikia jembe la pili bila kumgusa mnyama, na kila alipotaka kulalamika juu ya harufu Mwajabu alimwambia, "Umesikia alivyosema? Umesikia lakini?" Warda alikuwa amesikia. Kitongoji kizima kilisikia. Baada ya kufukia Mwajabu akaenda kwenye mkondo akajitoharisha mara saba, mara moja kwa tope, akarudi nyumbani akiwa hoi kwa uchovu, akalala usingizi ambao hakuupata tangu afiwe.

Kuanzia hapo nguruwe waliofuata walikuwa wake wote. Yeyote aliyemuua wa kwake alimburuta kwa kamba mpaka kwenye kile kipande, akamwacha chini ya mishale, akaondoka akipiga chafya. Mwanzoni Mwajabu alishangaa watu wanavyomkubali upesi. Alichimba, akafukia, akajitoharisha. Makaburi yakawa safu moja nzuri katikati ya mpunga, na mpunga uliozunguka makaburi ukawa mzito, ukainamisha vichwa kabla ya mashamba mengine. Kila alipochoka alijikumbusha kwamba anayezika ndiye mwenye ardhi, na akaanza kunoa visu vya kuvunia.

Mpunga ulipokomaa, Shaabani akaja na watu wake na mikeka, wakavuna kile kipande chote mpaka kwenye tuta. Walivuna vizuri, wakiyakwepa makaburi kwa adabu.

Mwajabu alikimbia kutoka kwenye dungu na kisu mkononi, kilemba kimemfunguka. "Shaabani! Si ulisema mwenyewe? Si ulisema mbele za watu kwamba ni kwangu?"

"Nilisema, shemeji. Na sijakanusha."

"Sasa unavuna nini?"

"Navuna mpunga," alisema Shaabani, kwa kushangaa kidogo kwamba swali hilo limeulizwa.

Likaitwa baraza. Kwa kuwa kesi ilikuwa ya mwenyekiti, ilibidi isikilizwe na mwenyekiti. Shaabani akafungua kikao kwa dua, akampa Mwajabu nafasi, kisha akajipa nafasi yeye mwenyewe, akasimama upande wa pili, akajieleza, akarudi kukaa, akatikisa kichwa kwa muda akiyapima maelezo yake. Alikiri kwamba yalikuwa na uzito. Wazee wakamwuliza atasemaje.

"Mpaka upo," aliamua. "Hakuna anayeukataa, na mwenye macho anauona. Lakini tusichanganye mambo. Kwa mambo ya nguruwe, mpaka ni mishale. Kwa mambo ya mpunga, mpaka ni tuta. Kila jambo na mpaka wake, tusije tukagombana ndugu."

Wazee wakaona ni hukumu ya busara, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa ameshaburuta nguruwe kwenda kwa Mwajabu. Mwajabu akawauliza kama kuna anayeona haya. Wakainamisha macho, ikaonekana wanayo, lakini si ya kutosha.

Kulikuwa na afisa mmoja wa ardhi aliyesimamisha boti hapo kwa ajili ya kununua kamba wabichi. Mwajabu akamshika mkono, akampeleka shambani. Afisa aliinama kupita chini ya mshale wa kwanza, akautazama wa pili kwa jicho moja, akakubali kwamba mstari umenyooka kuliko mingi aliyoiona kazini.

"Ila mama," akasema, "sisi tunashughulika na ardhi. Hii ingekuwa imechomekwa chini, hata kidogo tu, tungeongea. Iko hewani. Mambo ya hewani yana wenyewe."

"Wako wapi?"

"Dar es Salaam," akasema, akauliza kamba bei gani.

Mwezi wa mfungo sita Shaabani akafanya hitima ya kumrehemu kaka yake. Haikuwa hitima ya mchezo. Alitandika majamvi mpaka nje, akaita watu kutoka Mbwera na visiwa vya jirani, akachinja mbuzi. Harufu ya ubwabwa ilimkuta Mwajabu akiwa bado njiani na akasimama. Aliijua. Ilikuwa harufu ya kile kipande, ile ile iliyojaza nyumba ya baba yake kila mavuno, na kwa muda akashindwa kutembea kwa uchungu. Watu waliompita walidhani anamkumbuka mumewe, wakampa pole. Hawakukosea sana.

Akaingia, akakaa upande wa wanawake. Kisomo kilisomwa, dua ikaombwa, na kila aliyesimama kusema alimsifu Shaabani kwa kutomsahau nduguye. Shaabani alifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, maana alimpenda kaka yake. Sinia likatua mbele ya Mwajabu. Alikula mpaka akaona chini ya sinia.

"Nikuongeze, dada?" Warda akamwuliza.

"Ongeza. Wangu huu."

"Najua," Warda akasema, akamjazia.

Msimu uliofuata Shaabani akafunga waya kutoka mshale hadi mshale na kuning'iniza makopo ya maziwa, ya kuwatishia ndege. Yalifanya kazi vizuri sana. Tuta nalo likahama tena kidogo wakati Mwajabu amekwenda kumwuguza shangazi yake. Nguruwe waliendelea kuletwa.

Asubuhi moja alikuwa juu ya dungu na mshale mmoja kati ya miwili iliyobaki. Shaabani alikuwa amesimama katikati ya kile kipande, amempa mgongo, mikono kiunoni, akikagua makopo. Mwajabu hakuwa na nia yoyote. Alitaka tu kujua kama pini zimekaa sawa tangu masika. Akavuta upote, akatazama kwenye kitundu. Pini ya njano ikatua kwenye mshono wa kanzu, katikati ya mgongo mpana, na haikutikisika.

Ilikuwa mita thelathini, bila kuzidi. Akabaki hivyo. Kipande chake, eda yake, mavuno mawili, makaburi yote yale na tope la kujitoharishia vilikuwa vimekusanyika kwenye kidole kimoja, na kidole kilikuwa tayari. Alisikia furaha ya kweli, akaona aibu, furaha ikabaki.

Kisha akapima. Shaabani angeanguka palepale aliposimama. Na palipo katikati ya mishale na tuta, kwa hukumu iliyotolewa na mwenyekiti mwenyewe mbele ya kitongoji kizima, kinachoanguka kinafukiwa na Mwajabu. Akamtazama vizuri, juu mpaka chini na upande kwa upande. Alikuwa mnene kuliko nguruwe yeyote aliyewahi kumchimbia, na udongo ulikuwa umeshaanza kukauka.

Akalegeza upote taratibu, akatundika upinde kwenye nguzo, akapuliza moto wa mafiga.

"Shemeji!" Shaabani akaita bila kugeuka. "Chai ipo?"

"Ipo," Mwajabu akajibu. "Pita pembeni tu, usikanyage makaburi."

Shaabani akainua kanzu, akaruka tuta, akaja.